Bata Bukini Asiyejulikana: Juu ya Kuona na Kushuhudia

Mtu apita ukingoni mwa ziwa, na kati ya makundi ya ndege aona bata mmoja asiyefanana na wenzake. Shingo yake ni ndefu, mwili wake ni mzito, rangi zake si za kawaida. Arudipo kijijini aulizwa: "Umeona nini huko?" Swali hili laonekana dogo, wala hakuna katekisimu iliyoliweka kati ya maswali yake. Lakini ndani yake limo swali jingine, ambalo walimu wa maadili wamelihangaikia tangu zamani: Je, mtu ana haki ya kusema "nimeona" hadi wapi? Na akisema zaidi ya hapo, ametenda kosa la namna gani?

Tuanze na jina lenyewe. Kiswahili chamwita ndege huyu bata bukini. Bukini ni jina la kale la kisiwa cha Madagaska. Basi jina lasema tu, "bata wa Bukini". Latupa habari ya safari, halisemi ndege mwenyewe ni wa namna gani. Wazungu nao hawana la kujivunia. Yule bata wa rangi ya udongo, mwenye baka la hudhurungi kulizunguka jicho, anayeonekana katika maziwa ya Upemba na katika Ziwa Edward, wao humwita bata bukini wa Misri, ingawa makao yake ni karibu Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara. Tena wataalamu hawamhesabu kati ya mabata bukini wa kweli. Na yule mkubwa mweusi, mwenye tumbo jeupe na uso mwekundu, ambaye bawa lake lina mwiba mkali kwenye kiungo, na ambaye kwa ukubwa awapita mabata wote wa mwitu wa Afrika, naye si bata bukini wa kweli. Sote twamwita hivyo kwa sababu ya umbo lake.

Hapo pengine msomaji atacheka na kusema: Jina ni jina tu, yafaa nini kubishana? Lakini huyo mwenye mwiba ana jambo moja la kutufundisha. Katika sehemu za Gambia hula mbawakawa wa aina fulani, wenye maji yanayochubua ngozi ya mtu. Sumu ya wadudu hao haimdhuru ndege, ila yakaa katika nyama yake, na kiasi kidogo sana cha sumu hiyo chatosha kumwua mtu mzima. Kwa hiyo ndege yule yule mahali pamoja ni kitoweo, na mahali pengine ni mauti. Mwenye kumtazama kwa mbali na kutangaza, "Ni bata, wekeni chungu motoni," amesema mambo mawili, naye ameona moja tu.

Sasa twende mbali kidogo, hadi pwani za Ayalandi na Uskoti, kwa maana huko ndiko kilikotokea kisa kinachofaa kutufikirisha zaidi. Kila mwaka baridi inapokaribia, pwani hizo hupokea makundi ya mabata bukini wenye shingo nyeusi, uso mweupe, na mgongo wa kijivu wenye mistari. Hukaa miezi ya baridi wakila majani, kisha hutoweka. Leo twajua waendako: hutaga mayai katika majabali ya Greenland na ya Spitsbergen, katika nchi za barafu. Lakini watu wa karne ya 12 hawakulijua hilo. Hakuna mtu wa Ayalandi aliyewahi kuona kiota chao, wala yai, wala kifaranga. Ndege walifika wakiwa wakubwa, kana kwamba wametoka katika maji yenyewe.

Basi, katika pwani zile zile mawimbi hutupa magogo yaliyoelea baharini siku nyingi, na juu ya magogo hayo hushikamana viumbe vidogo, jamaa ya kaa na kamba. Kila kimoja kina kikonyo kirefu kama shingo. Mwishoni mwa kikonyo kuna kombe jeupe lenye pindo jeusi. Na kombe likifunguka hutokeza vijinyuzi vyororo vinavyofanana sana na manyoya. Mwaona wenyewe jinsi njia ilivyokuwa fupi. Hapa wapo ndege wasio na mayai. Pale vipo viumbe visivyo na wazazi wanaojulikana, vyenye shingo na "manyoya". Watu wakaunganisha mambo hayo mawili wakasema: Bata bukini huyu hazaliwi na ndege, bali huota katika mti na kuiva ndani ya kombe.

Mwandishi Gerald wa Wales, kleri msomi aliyefika Ayalandi mwaka 1185 pamoja na mwana wa mfalme wa Uingereza, aliandika habari hizo katika kitabu chake juu ya nchi ile, miaka mitatu hivi baadaye. Naye hakusema kwamba amesikia. Alisema ameona mara nyingi, kwa macho yake mwenyewe, viwiliwili vya ndege hao zaidi ya elfu moja vikining'inia katika gogo moja ufukoni. Je, Gerald alisema uongo?

Tusikimbilie kujibu. Mtakatifu Augustino atufundisha kwamba mwongo ni yule mwenye jambo moja moyoni na jingine mdomoni, akitaka kudanganya. Kwa kipimo hicho Gerald si mwongo: alisadiki aliyoyaandika. Lakini je, alikuwa shahidi mwaminifu? Hapana, sivyo pia. Macho yake yaliona makombe juu ya gogo. Mawazo yake, yaliyokwisha kujaa masimulizi ya watu wa pwani, yalisema: ndege. Kisha mkono wake ukaandika "nimeona" juu ya yote mawili, bila kutenganisha lililotoka machoni na lililotoka mawazoni. Kati ya uongo na ukweli kuna nafasi pana, na nionavyo mimi wengi wetu tumejenga nyumba zetu humo.

Tena kulikuwa na jambo jingine, nalo lahusu sufuria. Siku hizo sheria ya mfungo ilikataza kabisa nyama wakati wa Kwaresima. Ikiwa ndege huyu hazaliwi na nyama, bali huota kama tunda au huzaliwa baharini kama samaki, basi si nyama! Gerald mwenyewe asimulia kwamba katika sehemu fulani maaskofu na watawa walimla siku za mfungo bila wasiwasi wa dhamiri. Yeye hakukubaliana nao, na jibu lake ni la akili: Adamu naye hakuzaliwa na mama wala baba, je, mtu akila paja la Adamu, atasema hakula nyama? Twamsifu kwa hoja hiyo. Hata hivyo angaliweza kuuliza swali la kwanza kabla ya lile la pili, yaani kama habari yenyewe ni ya kweli. Badala yake aliichukua akaitumia hata kama hoja ya kutetea fumbo la imani mbele ya wasiosadiki. Mtu anayeegemeza imani juu ya kombe la baharini asishangae siku kombe likivunjika.

Na wale waliokula, je? Hapa ndipo swali letu linapokuwa gumu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba si kila ujinga humwondolea mtu hatia. Upo ujinga ambao mtu hakuweza kuushinda. Huo hauna lawama. Upo pia ujinga ambao mtu autunza kwa makusudi, hataki kuuliza kwa sababu aogopa jibu. Mvuvi maskini wa pwani, aliyesikia habari hizo kwa babu yake, yumo katika kundi la kwanza. Lakini mtawa msomi, mwenye vitabu na nafasi, ambaye kila Kwaresima apata minofu katika sahani yake kwa sababu ya neno moja lisilochunguzwa, yumo katika kundi gani? Hakudanganya mtu. Hakuvunja sheria kama alivyoielewa. Alichofanya ni kuacha kuuliza mahali ambapo kuuliza kungalimgharimu chakula cha mchana. Mimi nasema alikuwa na hatia, nayo haikuwa ndogo, kwa maana aliyatumia maumbile ya Mungu kama mtu atumiavyo karatasi ya uongo mbele ya karani.

Kanisa halikunyamaza. Vincent wa Beauvais, aliyeandika katika karne ya 13, asimulia kwamba Papa Inosenti III alikataza ulaji huo katika mtaguso wa Laterani wa mwaka 1215. Sababu inayosimuliwa yastahili kutazamwa: hata kama ndege hawa wazaliwa kwa namna ya ajabu, waishi na kula kama mabata wengine, basi ni wa tabia moja nao. Hukumu hiyo haikudai kujua yasiyojulikana. Jambo la asili yao liliachwa wazi. Hukumu ikasimama juu ya lile ambalo kila mtu wa pwani aliweza kuliona, yaani bata anayekula majani kama bata.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Mtakatifu Alberto Mkuu, mwalimu wake Tomaso, aliandika kwamba habari za ndege kuota mtini ni upuuzi mtupu, kwa kuwa yeye na rafiki zake wengi waliwaona wakijamiiana, wakitaga, na kulea vifaranga. Na Kaisari Frederick II, aliyekufa mwaka 1250, mtu ambaye mapapa walimtenga na Kanisa zaidi ya mara moja, aliletewa kutoka kaskazini vipande vya mti vyenye makombe. Aliyachunguza, hakuona ndani yake umbo lolote la ndege. Akakata shauri kwamba hadithi imezuka kwa sababu ndege hao hutaga mbali sana, ambako watu hawajafika. Alisema kweli, miaka zaidi ya 300 kabla haijathibitishwa. Basi, ukweli juu ya ndege ulishikwa na mtakatifu mmoja na mtengwa mmoja; na hiyo yaonyesha kwamba macho mema si mali ya upande mmoja.

Mwezi wa Juni mwaka 1596, mabaharia Waholanzi waliosafiri na Willem Barents walifika Spitsbergen. Huko waliwakuta mabata bukini wa jamaa hiyo wakiatamia mayai yao, na habari hizo zilichapwa katika kitabu cha safari mwaka 1598. Lakini katikati, mwaka 1597, Mwingereza John Gerard alitoa kitabu kikubwa cha mimea, na humo alieleza tena mti unaozaa mabata bukini, akithibitisha kwamba ameona kwa macho yake na kugusa kwa mikono yake katika pwani ya Lancashire. Namna hiyo ya kusema yatukumbusha mwanzo wa barua ya kwanza ya Mtume Yohane. Mtu aliyazoea maneno matakatifu hata akayatumia kutia muhuri juu ya makombe yaliyokwama katika mti mbovu. Na hata leo kiumbe kile cha gogoni kina jina la Kilatini alilopewa na Linnaeus mwaka 1758, lenye maana ya "mzaa mabata". Neno likikwisha kuandikwa, ni kazi kulifuta.

Msomaji wa Kongo aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu wa kale na Kwaresima zao. Laiti yangekuwa hivyo! Mtu asikia bundi akilia juu ya paa usiku, na asubuhi mtoto wa jirani ana homa. Aliyoyaona ni bundi na homa. Jioni asema: "Nimemwona mchawi," na amtaja mtoto yatima anayelala jikoni. Ni hatua ile ile ya Gerald, kutoka kombe hadi ndege, ila safari hii aliye ndani ya kombe ni mwana wa mtu. Katika Kinshasa na miji mingine watoto wengi wamefukuzwa nyumbani, wamepigwa, wamelala barabarani, kwa sababu ya ushuhuda wa namna hiyo. Katiba ya mwaka 2006 imekataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 yatoa adhabu. Lakini tazameni vema: mara nyingi mshitaki naye si mwongo kwa kipimo cha Augustino. Asadiki kabisa. Na mara nyingi pia, kama yule mtawa mbele ya sahani yake, kuna faida katika kutouliza: yatima akiondoka, kinywa kimoja kimepungua mezani. Amri ya nane, nionavyo, haiwagusi wale tu wanaojua kwamba wanadanganya. Yamgusa pia mtu ambaye angaliweza kujua asipojua, akaona ni heri asijue.

Je, maana yake tunyamaze? Yule mtu wa ukingoni mwa ziwa afunge mdomo wake mpaka awe mtaalamu? La. Aseme aliyoyaona, na ayaseme yote: ukubwa wa ndege ukilinganishwa na ndege anayejulikana aliyesimama karibu, rangi ya mdomo na ya miguu, mahali palipo na weupe, na kama weupe huo waonekana pia wakati wa kuruka, sauti, saa, umbali, kama jua lilikuwa mbele yake au nyuma yake. Kisha, katika mstari mwingine, aseme anayodhani. Mabata bukini wa namna mbalimbali hupandana kwa urahisi, na watoto wao hubeba alama za pande zote mbili. Wengine ni wa kufugwa waliotoroka. Wengine wamezaliwa na manyoya yaliyokosa rangi. Mwenye kuyajua hayo hatasema upesi kwamba amegundua ndege mpya. Lakini hatasema upesi pia kwamba haiwezekani, kwa maana hilo nalo ni kosa, na wasomi ndio wanaolipenda zaidi.

Katika Amerika ya Kaskazini aliishi bata bukini mkubwa sana, mkubwa kuliko wote wa jamaa ya Kanada. Wawindaji na wakulima walikuwa wamemaliza idadi yake, na mtaalamu Jean Delacour alipompa jina la kitaalamu mwaka 1951, alimwandika kama ndege aliyekwisha kutoweka duniani. Jina lilipatikana, mwenye jina alihesabiwa kuwa amekufa. Mwezi wa Januari mwaka 1962, Harold Hanson, mtafiti kutoka Illinois, alifika mji wa Rochester katika jimbo la Minnesota. Hapo pana ziwa dogo katikati ya mji, ambalo wakati ule halikuganda kwa baridi, kwa kuwa mtambo wa umeme ulilimwagia maji ya moto. Mabata bukini kwa maelfu walikaa humo. Hanson na wenzake waliwakamata baadhi yao, wakawapima uzito. Mizani ikaonyesha uzito usiowezekana kwa ndege waliowadhania.

Mtu mwingine angalitangaza ajabu siku ile ile. Mwingine, akiheshimu vitabu, angaliandika uzito mdogo zaidi, akisema moyoni kwamba mizani ni mbovu. Hanson na wenzake nao waliishuku mizani, lakini hawakuishia katika kushuku. Walinunua dukani unga na sukari ambazo uzito wake ulichapwa juu ya mfuko, wakaziweka juu ya mizani ile ile. Mizani ilikuwa sawa. Ndipo waliporudi kwa ndege, wakapima tena mabawa na midomo, wakalinganisha na vielelezo vya kale, na mwishowe wakasema kwamba huyu ni yule aliyeandikwa kuwa ametoweka. Hanson alitoa kitabu kizima juu yake mwaka 1965.

Sifa ya kazi hiyo, kwa maoni yangu, haimo katika ugunduzi, bali katika ule unga na sukari. Walikuwa na ushuhuda wa macho yao upande mmoja, na ushuhuda wa wakubwa wao upande wa pili, na hawakumpendelea yeyote kabla ya kujaribu chombo walichokishika mikononi. Gerald hakuligeuza gogo lake. Angalikuwa na kisu kidogo tu na nusu saa ya subira, angaliweza kulifungua kombe moja.

Leo bata bukini yule amezidi kuongezeka, hata miji ya Marekani yalalamika kwa sababu ya kinyesi chake katika bustani. Na watu wa Rochester walikuwa wakiwatupia nafaka ndege wale miaka mingi kabla Hanson hajafika na mizani yake. Hawakujua kwamba wanawalisha waliotoweka. Wangaliulizwa wameona nini, wangalijibu kwamba ni mabata bukini, wakubwa sana, na kwamba wana njaa.